Nani Aliandika Sifuri Nukta Sifuri Tano?

Leo naomba mnivumilie kidogo, maana nitaanza kwa kuwasomea namba, jambo ambalo redioni halipendezi. Mwenye kalamu na aandike: 0.05, 0.5, 7, 0.05, 0.5, 0.2, 1, 0, 1.5, 1.2, 0.5, 0.08, kisha mkwaju, kile kistari kilicholala upande. Mbele yake kuna namba ya kituo, na jina HYGOV ndani ya alama za kunukuu. Basi, huo ndio mstari mzima.

Huu ni mfano niliouandaa kwa ajili ya mazungumzo haya, si wa kituo chochote cha Burundi. Lakini mistari ya namna hii ipo, na kila mtambo wa kufua umeme uliounganishwa kwenye gridi una wa kwake, au angalau ungepaswa kuwa nao. Imo katika faili ambalo mhandisi huipa programu ya kompyuta ili programu ijue mtambo utafanya nini pale gridi itakapoyumba. Kabla hujajenga laini mpya, kabla hujawasha kituo kipya, unaigiza gridi nzima ndani ya kompyuta: unaangusha laini, unazima mtambo mkubwa, unatazama kama iliyobaki itasimama. Kompyuta haijawahi kuuona Mto Mugere wala Rwegura. Inachojua ni zile namba 12.

Programu inayosoma mstari wa namna hii inaitwa PSS/E. Ilizaliwa miaka ya 1970 katika kampuni ya Power Technologies, mji wa Schenectady, Marekani, na siku hizi iko mikononi mwa Siemens. Umri wake unaonekana kwenye faili lenyewe. Hakuna maelezo kando ya namba, hakuna jina la kipimo. Nafasi ndiyo jina: ya kwanza ina maana yake, ya tisa ina maana yake, na asiye na kitabu cha mwongozo mezani hana anachokisoma. Programu za baadaye, kama PowerFactory ya Wajerumani, zina madirisha mazuri yenye majina na vizio. Lakini mara nyingi namba zilizomo humo zimehamishwa kutoka mafaili haya ya zamani, na makosa yake yakahama nazo.

Mtu wa Ngagara au Kinindo, hapa Bujumbura, atauliza, haya yananihusu nini, mimi ninayetia pesa kwenye kashipawa, mita ya kulipia kabla, na kungoja taa iwake? Yanakuhusu zaidi leo kuliko miaka 20 iliyopita. Kwa muda mrefu gridi yetu ilikuwa ndogo, na mashine zake zinahesabika kwa vidole. Ruzizi ya Kwanza ilitoka enzi za Wabelgiji. Mugere, megawati 8, ikaja 1982. Rwegura, megawati 18, ikaja 1986. Ruzizi ya Pili ikaanza 1989 chini ya SINELAC, kampuni ya pamoja ya Burundi, Rwanda na nchi iliyoitwa Zaire. Umeme ulipokatika, sababu tulizozoea kusikia ni maji kupungua, mashine kuchoka, au mafuta ya jenereta kukosekana.

Sasa mambo yamebadilika. Rusumo, kwenye Mto Kagera, ina megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, na mitambo yake ilianza kutoa umeme mwaka 2023. Kuna Jiji na Mulembwe, megawati 49.5 zikijumlishwa. Kuna jua la Mubuga, megawati 7.5, tangu 2021. Tanzania na Kenya zimeunganishwa kwa laini ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida, na Kenya imeungana na Ethiopia kwa waya wa umeme wa mkondo mnyoofu. Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoanzisha Umoja wa Umeme wa Afrika Mashariki, EAPP, mwaka 2005, kwa hiyo tumekuwa kwenye karatasi za mpango huu tangu mwanzo. Ukishafungwa na majirani kwa waya wa kawaida, usio ule wa mkondo mnyoofu, mashine zote zinazunguka kwa mwendo mmoja, na mtikisiko wa mmoja unafika kwa wote. Hapo jirani ana haki ya kukuuliza: mashine zako zitafanya nini? Jibu lako ni lile faili.

Tuuchukue mstari wetu basi. Namba ya kwanza, 0.05, ni tabia ya gavana. Nasema gavana ya mtambo, si yule wa mkoa, ingawa na huyu wa kwetu kazi yake ni kutuliza mambo. Gavana hutazama kasi ya mashine na kufungua au kufunga milango ya maji. Fikiria lori lililojaa mizigo likipanda kutoka mjini kwenda Bugarama: mlima ukizidi, lori linapungua mwendo kidogo, na dereva anaongeza mafuta kwa kadiri mwendo ulivyopungua. Ile 0.05 inasema mwendo ukipungua kwa asilimia 5, milango ifunguke kutoka kufungwa kabisa hadi wazi kabisa. Gridi yetu ni ya hezi 50, na asilimia 5 yake ni hezi 2.5. Kwa hiyo frikwensi ikishuka nusu hezi tu, gavana itaongeza moja ya tano ya uwezo wa mashine. Kwa kituo cha ukubwa wa Mugere, hiyo ni megawati 1.6.

Kwa nini isiwe sifuri, ili mashine iishike hezi 50 bila kuyumba? Ikiwa peke yake, inawezekana. Ziweke mbili sambamba, kila moja ikitaka kuwa mwenye neno la mwisho juu ya kasi, na zitaanza kunyang'anyana mzigo: hii inapanda, ile inashuka, hadi moja imechukua wote. Huo ulegevu wa asilimia 5 ndio unaoziwezesha kugawana kazi kwa amani, kila moja kwa kadiri ya ukubwa wake. Watu wengi wanaodhani kidhibiti kizuri ni kile kikali zaidi hushangaa hapa.

Namba ya pili, 0.5, na ya tatu, 7, ndizo ninazozipenda, kwa sababu zinatoka kwenye maji yenyewe. Ukifungua milango ya turbini ghafla, unategemea nguvu ipande. Kwanza inashuka. Maji yaliyomo ndani ya bomba refu ni mazito, hayataki kuongeza mwendo papo hapo, na shinikizo mlangoni linaanguka kabla maji hayajashika kasi. Gavana isiyojua hilo itaona nguvu imeshuka, itafungua zaidi, na itaharibu zaidi. Ndiyo maana tunailegeza kwa muda: katika sekunde za kwanza iwe mvivu mara kumi kuliko kawaida yake, kisha ijirudishe polepole kwa kipindi cha kama sekunde 7. Katika gavana za zamani jambo hili lilifanywa na chombo cha mafuta chenye tundu dogo la kubana na kulegeza. Fundi aliligusa kwa mkono. Leo ni namba kwenye skrini, na ndiyo sababu inasahaulika upesi.

Ukubwa wa namba hizo mbili unategemea ya tisa, 1.5, yaani sekunde ambazo maji huhitaji ili yashike mwendo. Hii haitoki kwenye kitabu cha mtu, unaipiga hesabu. Chukua urefu wa bomba, zidisha kwa mwendo wa maji, gawanya kwa kimo cha maporomoko kilichozidishwa kwa 9.81. Bomba la mita 300, maji yakienda mita 4 kwa sekunde, kimo mita 80: unapata sekunde 1.5 na kidogo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi mwenye mchoro wa kituo anaweza kuipata mchana mmoja. Kisha kanuni ya mafundi inamwambia muda wa kujirudisha uwe mara nne au tano ya hapo, na anafika kwenye ile 7. Kumbe namba tatu zilizotawanyika kwenye mstari ni ndugu wa damu. Ukikuta faili lenye 1.5 pale na sekunde 1 hapa, jua aliyeliandika alinakili sehemu mbili kutoka mahali tofauti.

Nyingine nazipita haraka. Kuna muda wa kuchuja vipimo, muda wa mkono wa mafuta unaosukuma milango, mwendo wa juu kabisa wa milango (0.2 maana yake sekunde 5 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine), kikomo cha juu na cha chini, na maji yanayohitajika kuizungusha turbini bila mzigo. Kidhibiti volteji nacho kina mstari wake, mara nyingine mrefu kuliko huu, na mantiki ya kuusoma ni ileile.

Nirudi kwenye makosa, maana ndiyo yanayofundisha. Kwenye mwongozo, namba ya kwanza na ya pili zimepewa herufi moja, R kubwa na r ndogo. Ni rahisi mno kuzibadilisha mahali. Ukizibadilisha, programu haitalalamika, kwa sababu 0.5 na 0.05 zote ni namba halali. Ubaya wake ni kwamba mchoro wa sekunde za mwanzo unafanana sana na ule sahihi, kwa kuwa mwanzoni kinachohesabika ni jumla ya zote mbili. Tofauti inaonekana baadaye: mashine inaanza kusaidia, kisha inasimama njiani, na msaada wake wa kudumu ni moja ya kumi ya ulivyopaswa kuwa. Megawati 1.6 za mfano wetu zimekuwa 0.16. Mhandisi aliyekata mchoro wake kwenye sekunde ya tano atatia saini ripoti akiwa na moyo mweupe.

Na si kila 0.5 ni kosa. Asilimia 5 ya mashine ya megavolti-ampea 10 ikiandikwa kwa kipimo cha gridi cha megavolti-ampea 100 inakuwa 0.5. Ni mashine ileile, tabia ileile, namba mbili tofauti. Kwa hiyo ukipokea jedwali kutoka kwa mshauri bila kuambiwa namba zimepimwa kwa ukubwa wa mashine au wa gridi, umepokea nusu ya habari.

Kuna kosa jingine ambalo naliona ni letu hasa, sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa. Kompyuta zetu nyingi zimewekwa Kifaransa, na Kifaransa huandika desimali kwa mkato: 0,05. Programu ya Kimarekani ikiukuta mkato, inauchukua kuwa ni mpaka kati ya namba mbili. Kwa hiyo 0,05 inasomwa kuwa sifuri, halafu tano. Nafasi ya kwanza imekuwa sifuri: tayari tunayo ile mashine inayotaka kuishika gridi peke yake. Nafasi ya pili imekuwa tano, na namba zote zilizofuata zimesogea, muda wa maji umeingia mahali pa kitu kingine. Kwa bahati nzuri uharibifu wa aina hii huwa mkubwa hata mtu akaushtukia. Ukitokea kwenye mstari mmoja kati ya mia tatu, sina hakika kama atashtuka.

Je, kuna mahali faili lilinyamazia jambo moja tu na watu wakaingia gizani? Tarehe 28 Septemba 2016, dhoruba iliangusha minara ya umeme katika jimbo la Australia Kusini. Volteji ikadidimia mara sita ndani ya dakika mbili. Mashamba tisa ya upepo yakapunguza umeme wake kwa megawati 456 katika sekunde chache, laini ya kutoka jimbo jirani ikazidiwa, jimbo zima likazimika. Uchunguzi wa AEMO, mwendeshaji wa gridi ile, ulikuta kwamba ndani ya vidhibiti vya mitambo ile mlikuwa na mpangilio wa kuhesabu: volteji ikididimia zaidi ya idadi fulani katika muda fulani, mtambo ujiondoe. AEMO haikuwa imeambiwa. Katika mafaili yaliyokuwa mezani kwake, parameta hiyo haikuwepo kabisa. Baadaye mipangilio ilibadilishwa, kwa kugusa namba tu.

Marekani walikuwa na la kwao miaka 20 kabla. Tarehe 10 Agosti 1996 gridi ya magharibi ilianza kuyumba kama bembea, kila yumbo kubwa kuliko lililopita, hadi ikakatika vipande na wateja milioni 7.5 wakakosa umeme. Wahandisi wakarudi kwenye kompyuta, wakaingiza hali ya siku ile, na kompyuta ikawaonyesha gridi iliyotulia vizuri. Nadhani hakuna aibu ya kitaaluma kama hiyo: ajali imeshatokea, na chombo chako kinakwambia haiwezi kutokea. Ndipo wakaamua mitambo ipimwe upya, mmoja mmoja, badala ya kuamini karatasi za kiwandani.

Karibu na kwetu, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilizimika. Kenya Power ilitaja kupotea kwa umeme wa shamba la upepo la Ziwa Turkana. Wenye shamba wakajibu kwamba mitambo yao ilijiondoa ili isiungue, kwa kuwa volteji ya gridi ilipanda kupita kiasi. Simwamulii mtu hapa. Ninachotaka mkione ni kwamba kiini cha mabishano yale kilikuwa parameta: mtambo unaruhusiwa kuvumilia volteji ya juu kiasi gani, kwa muda gani, na nani alikubali kiwango hicho.

Sasa, namba sahihi hupatikanaje? Kwa kwenda kituoni. Unaiacha mashine ikifanya kazi robo ya uwezo wake, kisha unaikata ghafla kwenye gridi na kurekodi: kasi ilipanda hadi wapi, milango ilifunga kwa sekunde ngapi, volteji ilirukaje. Unarudia kwa nusu, kwa robo tatu, kwa uwezo wote. Halafu unaigiza tukio hilohilo kwenye kompyuta na kulinganisha mistari miwili. Isipolingana, unatafuta namba inayodanganya. Kazi hii inahitaji usiku wenye ruhusa, maana kuna mtaa utakaoyumbishwa, na meneja wa kituo hapendi mtu aizime mashine yake nzima kwa makusudi. Namwelewa. Katika nchi yenye delestaji, yaani mgao wa umeme, kuomba megawati zipumzike ili zipimwe ni kama kumwomba mwenye njaa akupe sahani uihesabie.

Lakini kituo kipya hakina udhuru huo. Siku mkandarasi anapokabidhi, vipimo vya kukata mzigo hufanywa kwa vyovyote vile, ni sehemu ya makabidhiano. Namba zipo siku ile, kwenye kompyuta ya mtaalamu wa kigeni, na ndege yake inaondoka Jumamosi. Msimamo wangu ni kwamba mkataba useme wazi: malipo ya mwisho yasitoke kabla mwenye kituo hajapokea faili lenye thamani zilizopimwa, mchoro wa kidhibiti, na orodha ya kila mpangilio unaoweza kuuondoa mtambo kwenye gridi, ukiwemo ule wa kuhesabu. Watengenezaji hupenda kutoa kisanduku kilichofungwa na kusema ni siri ya kibiashara. Siri ya kibiashara inaheshimika hadi pale inapoamua kama hospitali yetu itakuwa na umeme. Ruzizi ya Tatu inakuja, megawati 206 kwa nchi tatu, na mtambo wake mmoja ukianguka ndio utakaoziamsha gavana za Rwegura na Rusumo kwa wakati mmoja. Huo ndio mkataba wa kuanzia.

Kwa vijana wanaofungua mafaili haya leo, hapa mjini, nina ombi moja dogo linalowezekana jioni hii hii. Katika faili la PSS/E, chochote kilichoandikwa baada ya ule mkwaju programu haikisomi. Ni nafasi tupu, na karibu kila faili nililoliona imeachwa hivyohivyo. Iandikeni. Baada ya mkwaju andikeni: imepimwa kituoni, mwezi fulani, mwaka fulani. Au: imekokotolewa kutoka mchoro wa bomba. Au, kama ndivyo ilivyo, andikeni bila haya: imetoka kwenye mfano wa mwongozo, haijapimwa.